Kisa cha 2⁶⁷ − 1: miaka 27 kati ya kujua si tasa na kuvipata vigawo vyake

Namba yenyewe ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Ukiandika 2 mara 67, ukazizidisha zote, kisha ukatoa 1, ndiyo utakayoipata. Kuanzia mwaka 1644 ilikuwa kwenye orodha ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwaka 1876 ikathibitishwa kuwa si tasa, lakini aliyethibitisha hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja. Vigawo vikaja kutajwa mwaka 1903.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ambalo darasani hulipita. Mwanafunzi akiulizwa kama 91 ni tasa, huijaribu kwa 2, kwa 3, kwa 5, kisha kwa 7, na hapo inakubali: 7 × 13. Jibu na ushahidi huja pamoja, kwa hiyo mtoto hukua akiamini kwamba njia pekee ya kujua namba inagawanyika ni kukiona kinachoigawanya. Si hivyo. Hayo ni maarifa mawili, kila moja lina njia yake na gharama yake, na kwa namba hii yalitengana kwa miaka 27.

Ukubwa wake

Weka shilingi 1 leo, kesho 2, keshokutwa 4, na kila siku maradufu ya jana yake. Siku ya 67 ikiisha, jumla ya ulichoweka ni shilingi 147,573,952,589,676,412,927 kamili. Kwa lugha ya kompyuta, inayoandika kila kitu kwa 0 na 1, namba hii ni 1 zilizopangwa 67 mfululizo bila sifuri hata moja katikati.

Hata mashine za leo huzisumbua kidogo. Kompyuta nyingi hufanya hesabu zake za kawaida kwa nafasi 64 za 0 na 1, na namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 18,446,744,073,709,551,615. Yetu ni karibu mara 8 ya hiyo, kwa hiyo inafurika. Ukiiandika kwenye Excel utaletewa 147,573,952,589,676,000,000, kwa kuwa programu hiyo huhifadhi tarakimu 15 za mwanzo na zilizobaki huzijaza sifuri. Tena ukiiambia itoe 2⁶⁷ kwenye 2⁶⁷ − 1 itakupa 0 badala ya −1, maana kwake hizo mbili ni kitu kimoja. Lugha za programu kama Python, zinazobeba namba nzima za urefu wowote, hazina shida hiyo. Nayasema haya kwa yeyote atakayetaka kukagua hesabu za humu: kikokotoo cha kawaida hakitoshi, kalamu na karatasi zinatosha.

Vigawo vidogo havihitaji kazi kubwa. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 hazimo. Tarakimu zake zikijumlishwa zinakuwa 109, na 109 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo 3 haimo. Mtu anaweza kuendelea hivyo na 7, 11, 13, akapita 100, akapita 1,000, akafika milioni, na asipate kitu. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni zaidi kidogo ya bilioni 12. Anayejaribu kila namba tasa moja moja hana haki ya kusema "hii ni tasa" mpaka afike huko.

Mtawa na orodha yake

Marin Mersenne alikuwa mtawa wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1588 na kufariki mwaka 1648. Alikuwa kiungo cha wanahisabati wa zama zake: Fermat, Descartes na wengine walimwandikia barua, naye akazisambaza. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo (p, yaani idadi ya 2 zinazozidishwa) ambavyo, kwa madai yake, vinafanya 2ᵖ − 1 iwe tasa hadi kufikia 257. Orodha ilikuwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257.

Hamu ya namba za umbo hili ilitokana na jambo la kale. Euklide wa Alexandria alikwisha kuonyesha kwamba kila 2ᵖ − 1 inapokuwa tasa, ukiizidisha kwa 2 yenye kipeo pungufu kwa 1 unapata namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe. Kwa mfano 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinafuata 496 na 8,128, kisha zinaanza kuwa adimu sana. Kwa hiyo kusema 2⁶⁷ − 1 ni tasa kulikuwa ni kutangaza namba timilifu mpya yenye tarakimu 41.

Mersenne aliijuaje? Hakuonyesha hesabu yoyote, na wala hangeweza. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kuamua kama namba ya tarakimu 15 au 20 ni tasa ni kazi ambayo muda wote uliopo hautoshi. Namba yetu ina tarakimu 21. Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa kisa ulipo: mtu anadai jambo, na anakiri kwamba hakuna awezaye kulipima. Simlaumu, kwa sababu dai lisilopimika siku ile liliwapa watu kazi njema kwa karne tatu. Lakini ni sharti lisomwe kama kisio.

Chujio la Fermat

Chombo cha kwanza cha kuipunguza kazi kilikuwepo hata kabla ya orodha. Mwaka 1640 Fermat aliona kwamba kigawo tasa chochote cha 2ᵖ − 1, p ikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, lazima kizidi kwa 1 namba inayogawanyika kwa 2p. Kwa njia hiyo aligundua kwamba 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223, maana 223 ni 3 × 74 + 1.

Kwa namba yetu 2p ni 134. Sababu yenyewe haina fumbo. Tuseme q ni kigawo tasa. Basi 2⁶⁷ ukiigawanya kwa q inabaki 1, na kwa kuwa 67 ni tasa, hakuna kipeo kidogo zaidi kinachotoa baki hilo. Fermat huyo huyo alieleza kwamba 2 yenye kipeo q − 1 nayo hubakisha 1. Kwa hiyo q − 1 haina budi kugawanyika kwa 67. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, basi inagawanyika kwa 134.

Kuna chujio la pili. Kama 2⁶⁷ inabakisha 1, basi 2⁶⁸ inabakisha 2. Lakini 2⁶⁸ ni 2³⁴ iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa maneno mengine 2 ni baki la namba ya mraba ukigawanya kwa q, na kanuni inayojulikana inasema hilo hutokea kwa namba tasa zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubakisha 1 au 7.

Sasa tujaribu kwa mkono. Wagombea wetu ni 134 × k + 1, na masharti ya 8 yanatuachia k zile tu zinazogawanyika kwa 4 au zinazozidi kwa 1 namba inayogawanyika kwa 4. Ya kwanza ni k = 1, yaani 135, ambayo inagawanyika kwa 5. Kisha k = 4 inatoa 537, ambayo ni 3 × 179. Halafu 671 ni 11 × 61, halafu 1,073 ni 29 × 37, halafu 1,207 ni 17 × 71. Ndipo k = 12 inatoa 1,609, ambayo ni tasa. Kwa hiyo mgombea wa kwanza wa kweli ni 1,609! Namba tasa zote zilizo chini yake, na ni zaidi ya 250, zimeondoka bila kugawanya hata mara moja.

Na kumpima mgombea huyu hakuhitaji kuigusa namba ya tarakimu 21. Unatembea na mabaki. 2¹¹ ni 2,048. Ukitoa 1,609 inabaki 439. Izidishe 439 kwa yenyewe, gawanya kwa 1,609, inabaki 1,250: hiyo ni baki la 2²². Zidisha 1,250 kwa 439, gawanya, inabaki 81: hiyo ni ya 2³³. Izidishe 81 kwa yenyewe inakuwa 6,561, inabaki 125: hiyo ni ya 2⁶⁶. Mara mbili yake ni 250, toa 1, unapata 249. Si sifuri, kwa hiyo 1,609 si kigawo. Mistari mitano ya daftari. Ninayapenda mahesabu haya kupita maelezo, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye subira anaweza kuyafuata yote na kuona kwa macho yake jinsi jitu linavyopimwa kwa namba za tarakimu nne.

Tatizo ni kwamba wagombea wanaendelea kuja. Kwa makadirio, kabla ya kukifikia kigawo kidogo cha namba hii kuna namba tasa zaidi ya milioni 10, na vichujio hivi viwili vinawabakiza kama 80,000. Ni punguzo kubwa mno, lakini 80,000 kwa kalamu bado ni sehemu nzuri ya maisha ya mtu.

Hukumu ya Lucas

Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa, alileta njia ya aina nyingine kabisa. Hakutafuta kigawo. Alitafuta sifa ambayo kila namba tasa ya umbo 2ᵖ − 1 inayo na isiyo tasa haina. Njia hiyo baadaye ilinyooshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer mnamo mwaka 1930, na katika umbo lake la sasa inaelezeka kwa sentensi chache. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoipima na ushike baki. Rudia hivyo mara p − 2. Ukiishia kwenye 0, namba ni tasa. Usipoishia kwenye 0, si tasa.

Chukua 31, ambayo ni 2⁵ − 1. Tunarudia mara 3. Kutoka 4 tunapata 14. Kutoka 14 tunapata 194, ambayo ukigawanya kwa 31 inabaki 8. Kutoka 8 tunapata 62, na 62 ni mara mbili ya 31, baki 0. Basi 31 ni tasa.

Sasa 2,047, ambayo ni 2¹¹ − 1. Tunarudia mara 9, na mabaki yanakwenda hivi: 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Tumeishia kwenye 1,736. Basi 2,047 si tasa, na ni kweli, ni 23 × 89. Lakini tazama vizuri huo mfuatano: 23 haionekani popote, wala 89. Hesabu imetoa hukumu bila kumtaja mshitakiwa. Hiyo si kasoro ya njia, ndiyo tabia yake. Inauliza swali moja la ndiyo au hapana, na jibu la hapana halibebi habari nyingine.

Kwa 2⁶⁷ − 1 njia hii hudai marudio 65, kila mara ukizidisha namba ya tarakimu zipatazo 21 kwa yenyewe na kugawanya. Ni kazi ya siku kadhaa kwa mtu makini. Ilinganishe na wagombea 80,000. Lucas akatangaza kwamba Mersenne alikosea kwa 67. Mwaka huo huo akatangaza pia kwamba alipatia kwa 127: namba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na ikakaa kileleni kama namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miaka 75.

Hali ikawa ya ajabu. Kila aliyeifuata hoja ya Lucas alijua kwa yakini kwamba namba yetu ina angalau vigawo viwili zaidi ya 1 na yenyewe, na hakuna binadamu aliyevijua.

Jumapili za Cole

Frank Nelson Cole alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na katibu wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Jumamosi ya tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama hicho jijini New York, aliwasilisha mada juu ya kutafuta vigawo vya namba kubwa. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja:

147,573,952,589,676,412,927 = 193,707,721 × 761,838,257,287

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni kwamba Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno, akaikokotoa 2⁶⁷, akatoa 1, akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha namba mbili kwa mkono mpaka majibu yakalingana, akarudi kukaa kimya, na ukumbi ukapiga makofi. Msimulizi ni mwanahisabati Eric Temple Bell, aliyeyaandika hayo karibu nusu karne baada ya tukio. Bell huyo huyo ndiye aliyesema kwamba mwaka 1911 alimwuliza Cole kazi ile ilichukua muda gani, akajibiwa: Jumapili za miaka mitatu. Bell alijulikana kwa kunogesha habari, kwa hiyo ukimya na makofi nayachukua kwa tahadhari. Mkutano, tarehe, na vigawo havina shaka.

Tuukague mstari wa Cole wenyewe, kwani hapa kila msomaji ni hakimu. Zidisha 761,838,257,287 kwa vipande vitatu vya 193,707,721. Kwa 721 unapata 549,285,383,503,927. Kwa 707 unapata 538,619,647,901,909, na kwa kuwa kipande hiki ni cha maelfu unakisogeza nafasi tatu. Kwa 193 unapata 147,034,783,656,391, unaisogeza nafasi sita. Panga na ujumlishe:

147,034,783,656,391,000,000
+ 538,619,647,901,909,000
+ 549,285,383,503,927
= 147,573,952,589,676,412,927

Dakika kumi, labda kumi na tano kwa mwenye mkono mzito. Asiyetaka kuzidisha anaweza kupima kwa mabaki ya 9, kwa kujumlisha tarakimu: kigawo cha kwanza kinatoa 37, yaani baki 1, cha pili 64, yaani baki 1, zao lake 109, yaani baki 1. Na 1 × 1 ni 1. Kwa mabaki ya 11 ni 9, 8 na 6, na 9 × 8 ni 72, ambayo inabaki 6. Vipimo hivi havithibitishi, ila kosa la kawaida la kuzidisha lingekamatwa na mojawapo.

Vigawo vyote viwili vinatii chujio la Fermat kama inavyotakiwa: 193,707,721 ni 134 × 1,445,580 + 1, na 761,838,257,287 ni 134 × 5,685,360,129 + 1. Kikigawanywa kwa 8, cha kwanza hubakisha 1, cha pili hubakisha 7.

Je, na vyenyewe havigawanyiki zaidi? Hapa chujio linalipa tena. Kigawo chochote cha hizi mbili ni kigawo cha namba mama, kwa hiyo nacho lazima kiwe cha umbo lile lile. Kwa kigawo kidogo unahitaji kupima hadi 13,917 tu, na wagombea ni 51, tena wengi wao wanaondoka kwa 3, 5 na 7. Kwa kikubwa unapima hadi 872,833, wagombea 3,257. Hakuna anayekubali. Kwa hiyo namba yetu ina vigawo vinne tu jumla: 1, hivi viwili, na yenyewe.

Jumapili za miaka mitatu ni kama Jumapili 150 hivi za kuvitafuta. Kuvikagua ni robo saa. Lucas alikuwa katikati: siku kadhaa, na jibu lisilo na majina. Mizani hiyo ya gharama tatu ndiyo ninayoiona kuwa kiini cha kisa, na si hadithi ya ubaoni, ingawa hadithi ndiyo inayokumbukwa.

Je, lilikuwa kosa la mchapaji?

Mwaka 1883 Ivan Pervushin, padri wa Urusi, alionyesha kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa, nayo haikuwa kwenye orodha ya Mersenne. Wapo waliosema basi mtawa aliandika 61 na mchapaji akasoma 67. Ni utetezi wa huruma, lakini hauiokoi orodha. Mwaka 1911 na 1914 ilijulikana kwamba 89 na 107 nazo zilistahili kuwemo, na katika miaka ya 1920 kwamba 257 haikustahili. Hata tukimsamehe lile moja, yanabaki matatu.

Napendelea maelezo mengine. 67 ni 64 + 3, na 64 ni 4³. Vile vile 7 ni 4 + 3, 19 ni 16 + 3, 13 ni 16 − 3. 127 ni 128 − 1, 257 ni 256 + 1, 31 ni 32 − 1. Vipeo vya orodha yake vinakaa karibu sana na namba za 2 na 4 zenye vipeo. Inawezekana kabisa aliona mpangilio akaufuata pale hesabu ilipomshinda. Kama ni hivyo, 61, ambayo ni 64 − 3, ilimponyoka ilhali mpangilio wake mwenyewe ungemwelekeza huko.

Gharama hiyo leo

Simu ya mkononi inavipata vigawo vya Cole chini ya sekunde. Lakini pengo kati ya kutafuta na kukagua halijazibwa, limesogea tu kwenda kwenye namba kubwa zaidi, na watu wakajifunza kulitumia. Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni mfumo wa siri unaoitwa RSA. Ndani yake unachagua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, unaitangaza zao kwa ulimwengu mzima na kuzificha zile mbili. Kuzichagua kunawezekana kwa sababu vipimo vya utasa ni vya haraka, vikiwa vya jamii ya kile cha Lucas. Kuzificha kunawezekana kwa sababu kutafuta vigawo, kazi ya Cole, bado ni kugumu. Mtu anapofungua tovuti ya benki akaona alama ya kufuli, mara nyingi nyuma yake ipo namba ya tarakimu 617 inayojulikana wazi kwamba si tasa, na ambayo mwenyewe peke yake ndiye anayevijua vigawo vyake. Mfumo wote ungevunjika kama kujua jambo la kwanza kungetosha kujua la pili.

Namba kubwa kabisa ya aina hiyo iliyowekwa hadharani kama changamoto na ikavunjwa ilikuwa na tarakimu 250, mwaka 2020, kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja kwa miezi.

Upande wa Lucas umekwenda mbali zaidi sana. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 ni tasa, namba yenye tarakimu 41,024,320. Tunaweza kuhukumu namba za tarakimu milioni 41, na hatuwezi kuvitaja vigawo vya nyingi zenye tarakimu mia chache.

Namba ya 257, ile ya mwisho kwenye orodha ya mtawa, ilipitia njia ile ile na kusubiri zaidi: ilijulikana kuwa si tasa katika miaka ya 1920, na kigawo chake cha kwanza, 535,006,138,814,359, kikapatikana mwaka 1979.

Na kuna inayosubiri mpaka sasa. Mwaka 1952 Raphael Robinson, kwa kutumia kompyuta ya SWAC huko Los Angeles, alithibitisha kwamba 2¹²⁷⁹ − 1 ni tasa. Jirani yake 2¹²⁷⁷ − 1, yenye tarakimu 385, haikufaulu kipimo hicho hicho cha Lucas na Lehmer. Si tasa, hilo halina ubishi. Watafutaji wameiandama kwa mashine za kila kizazi, na hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. Miongoni mwa namba zote za umbo la Mersenne hii ndiyo ndogo kuliko zote iliyo katika hali hiyo, hali ile ile iliyokuwa nayo 2⁶⁷ − 1 baada ya Lucas na kabla ya Cole. Kinachojulikana kuhusu vigawo vyake tasa ni kwamba kila kimoja ni 2,554 × k + 1 kwa k fulani, na kwamba kikigawanywa kwa 8 kitabakisha 1 au 7.